Simu za mkopo na mbalamwezi: ratiba ya malipo haiwezi kubadilishwa?

DadaSola_Mwanga:
Wakuu, habari za kazi. Nina duka la simu na sola hapa Mwanga, Kigoma. Wateja wangu wengi wa simu za mkopo ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi. Mtu anatoa kianzio, anaondoka na simu, analipa kila siku. Asipolipa, simu inajifunga.

Sasa mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni. Juzi kijana kaweka simu yake juu ya kaunta, kioo chote ujumbe wa deni: "Dada, mnunuzi wa dagaa atanipataje?" Nilikosa la kumjibu. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi mitatu ilikuwa mbaya zaidi. Kampuni zinajua haya?

Fundi_Ujiji:
Dada, zikielezwa huwa zinajifunza. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza Kenya kwa kuuza sola kwa mkopo, malipo ya kila siku yalifuata jinsi watu walivyonunua mafuta ya taa, kidogo kidogo. Tecno nao waliona tunahangaika kubadilisha laini kukwepa gharama za mtandao mwingine, wakatuletea simu ya laini mbili. Ila nani kawaambia habari za mbalamwezi?

Mkulima_Urambo:
Huku Tabora ni hayo hayo. Pesa ya tumbaku inakuja kwa msimu, simu inadai kila asubuhi. Halafu tutenganishe: anayeunda simu na anayekopesha mara nyingi ni watu wawili. Kiwanda kikishalipwa mzigo wake, hasara ya deni ni ya mkopeshaji. Huyo ndiye wa kumfuata.

DadaSola_Mwanga:
Asante mkuu, hilo la kutenganisha sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nalaumu kiwanda.

Usiku huu nimefungua daftari langu. Huyo kijana miezi minne mfululizo amekwama siku zile zile za mwezi mpevu, na kila giza likirudi amelipa deni lote ndani ya siku tano au sita. Kwa wakopeshaji anaonekana msumbufu, wakati hajawahi kukimbia deni! Wakala wao anapita Alhamisi. Nitamwonyesha kurasa hizo na kumwomba wavuvi walipe mara mbili wakati wa giza, mbalamwezi simu isifungwe. Nimeshaziwekea alama kwa kalamu nyekundu.