Mama anaogopa dawa ya usingizi kuliko upasuaji wenyewe: nimweleze nini?

Mwana wa Kongwa:
Wanajukwaa, salaam, na wakubwa shikamooni. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 61, anaishi Kongwa, na wiki ijayo atafanyiwa upasuaji wa goita hapa Dodoma mjini. Upasuaji ameukubali, kwa kuwa uvimbe umekua kiasi kwamba akilala chali pumzi inambana. Anachokiogopa ni dawa ya usingizi. Jirani amemwambia kwamba mtu akishachomwa sindano hiyo huachwa na dawa yake mpaka iishe nguvu, na mwenye bahati ndiye huamka. Anauliza pia kwa nini asichomwe ile sindano ya mgongo aliyochomwa mdogo wangu alipojifungua kwa upasuaji, ambaye alikuwa macho na akamsikia mtoto akilia.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Tulipompeleka kliniki, alikuja mtu mwenye faili, akamwomba afungue kinywa, akamtazama shingo, akamuuliza kama ana meno yanayocheza, anatumia dawa gani, na kama amewahi kulazwa usingizi. Mama, akidhani ni karani wa kujaza fomu, alijibu kwa mkato na hakutaja miti shamba anayochemsha na kunywa kila asubuhi pamoja na vidonge vyake vya presha. Tulipokuwa tunatoka ndipo nilipofahamu kwamba yule ndiye atakayempa usingizi. Je, jambo hilo lina uzito wowote?

Mama Neema, Mpwapwa:
Pole mwanangu, na mpe mama pole zangu. Mimi nilitolewa uvimbe wa tumbo kwa usingizi kamili. Nakumbuka nimewekewa kifuniko puani na mdomoni, nikaambiwa nivute pumzi ndefu, na kilichofuata ni sauti ya mtu akiniita kwa jina na kuniambia kwamba kazi imekwisha. Koo liliniwasha siku mbili, na baridi ilinitetemesha nilipoamka. Laiti ningeelezwa mapema kwamba hayo hutokea, nisingeshtuka.

Msafiri wa Chamwino:
Ndugu, kwa usalama zaidi mama asile wala asinywe chochote tangu mchana wa siku iliyotangulia. Tumbo likikaa tupu muda mrefu, ndivyo usingizi unavyokuwa salama.

Mtoa Usingizi:
Ndugu Mwana wa Kongwa, mimi ni muuguzi niliyesomea utoaji wa ganzi na usingizi, na hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Alichosema jirani si kweli. Anayempa mama usingizi hatoki chumbani. Anakaa upande wa kichwa tangu sindano ya kwanza mpaka mama aamke, akiongeza na kupunguza dawa, kwa sababu dawa nyingi tunazotumia huisha nguvu haraka na usingizi hudumu kwa kuwa yupo mtu anayeuendeleza. Mama atabanwa kidoleni na kifaa kidogo kinachopima oksijeni katika damu, ambacho hulia kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikishuka mlio wake huwa mzito. Sisi huusikia mabadiliko hayo hata macho yetu yakiwa kwenye dripu. Kwa sababu hiyo asipake hina wala rangi ya kucha, maana huweza kuharibu kipimo. Hatari ndogo ipo katika kila usingizi, na mtu asikudanganye kwamba haipo, lakini kazi yetu yote ni kuiona mapema na kuizuia.

Sindano ya mgongo hutia ganzi sehemu ya chini ya mwili, hivyo humfaa mama anayejifungua na haiwezi kumsaidia mtu anayepasuliwa shingo. Goita kubwa huweza kusukuma au kubana njia ya hewa, na ndiyo maana mwenzangu alitazama kinywa na shingo: alikuwa akipima namna atakavyopitisha mpira wa kupumulia, ambao ndio unaoacha koo likiwasha kama alivyoeleza Mama Neema.

Miti shamba ina uzito mkubwa. Ipo inayoongeza damu kutoka, ipo inayoshusha presha, na ikikutana na dawa zetu tunaweza kuona presha ikianguka bila kujua sababu. Usisubiri siku ya upasuaji. Rudi kliniki kesho, umwombe mtu yuleyule, umweleze jina la mti na tangu lini mama anautumia, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata shida akiwa usingizini, litaje pia. Hatutamgombeza. Wagonjwa wengi humficha mtoa usingizi yale wanayomweleza daktari mpasuaji, wakidhani wa kwanza ni mchoma sindano tu.

Kuhusu chakula, simuungi mkono ndugu yetu wa Chamwino. Kufunga kupita kiasi humkausha mgonjwa maji na kumchosha, hasa mzee. Kwa kawaida chakula chepesi husimamishwa muda wa saa 6 kabla ya usingizi, chakula kizito chenye mafuta muda wa saa 8 kabla, na maji matupu huruhusiwa mpaka ubaki muda wa saa 2. Uji na chai ya maziwa vihesabuni kuwa chakula. Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni wakati mgonjwa hawezi kukohoa. Mkipewa maelekezo tofauti na haya hospitalini, fuateni ya hospitalini.

Mwana wa Kongwa:
Nashukuru sana. Nimempigia mama, amekubali turudi, na jina la mti amenitajia. Swali moja limebaki: vidonge vya presha asubuhi ya upasuaji ameze au aache?

Mtoa Usingizi:
Vidonge vingi vya presha humezwa asubuhi hiyo kwa funda dogo la maji, lakini vipo vichache tunavyovisimamisha. Kesho bebeni pakiti zote, hata zilizobaki kidonge kimoja, mzipange mezani mbele yake, naye ataonyesha ipi imezwe na ipi iachwe.