Furu wanakufa mmoja mmoja, maji yanaonekana safi

Igoma_Mpya:
Wakuu, naomba msaada. Tenki ni la kioo, sentimita 120 × 45 × 45, maji kama lita 200. Filta ni sponji mbili na pampu moja ya hewa. Ndani kulikuwa na furu 14, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wale wenye mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Hii ni wiki ya pili na wameshakufa wanne. Asubuhi wote wako juu wanahema, mashavu yanakwenda mbio. Usafi nazingatia: kila siku ya tatu natoa maji yote, nasuuza sponji bombani mpaka zinatakata, najaza ya bomba upya. Chakula ni unga wa dagaa asubuhi, mchana na jioni. Kuna jamaa anasema nichote tu maji ya ziwani kwa kuwa ndiko walikotoka. Nimsikilize?

Sponji_Chafu:
Mkuu, hiyo ni amonia, sumu ya taka za samaki, na haina rangi, kwa hiyo maji kuwa maangavu hakukuambii lolote. Samaki huitoa kupitia mashavu, na dagaa anayeoza chini huiongeza. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali sana. Wanakaa kwenye sponji, mchanga na mawe. Ndani ya maji yenyewe ni wachache. Kuwapata wa kutosha huchukua wiki 4 hadi 6. Wewe unawaosha kwa klorini ya bomba kila siku ya tatu, kwa hiyo tenki lako halijawahi kuvuka wiki yake ya kwanza.

Pima pH pia, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Maji yakiwa nyuzi 26, kwenye pH 7 ni kama asilimia 0.6 tu ya amonia iliyo katika umbo la sumu. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 6, kwenye 8.5 ni kama 16. Ndiyo maana mtu anasoma amonia milligramu 1 kwa lita na samaki wake wanadunda, mwingine anasoma hiyo hiyo na anazika. Nunua vipimo vya matone, karatasi za kuchovya zinadanganya.

Leo toa asilimia 40, yaani lita 80. Rudia kila siku mpaka amonia na nitriti zishuke chini ya milligramu 0.25 kwa lita. Maji mapya yaue klorini kwanza: thiosalfeti ya sodiamu, gramu 1 kwa lita 100, koroga ndani ya ndoo kabla ya kumimina. Inapatikana maduka ya kemikali za maabara. Ukiikosa, acha maji kwenye pipa lililo wazi na jiwe la hewa likitoa mapovu saa 24 hadi 48. Njia hiyo ya pili haifanyi kazi kama maji yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia.

Weka chumvi gramu 1 kwa lita, yaani gramu 200 kwa tenki zima, ukiiyeyusha pembeni. Ya jikoni inafaa, madini joto hayana shida. Haiondoi kitu, ila kloraidi yake inaizuia nitriti kupenya mashavuni. Ukibadilisha lita 80 unarudisha gramu 80 tu. Chumvi haipotei kwa mvuke.

Sponji kamua mara mbili tatu ndani ya maji uliyoyatoa tenkini, moja wiki hii, ya pili baada ya wiki mbili. Ikibaki na rangi ya udongo iache hivyo hivyo. Mwenye tenki la zamani akikupa sponji yake iliyotumika umepunguza wiki kadhaa za kusubiri.

Chakula mara moja kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika moja, na siku moja kwa wiki wafunge. Dagaa walioanikwa chini wana mchanga: toa vichwa, loweka, suuza, ndipo usage. Unga mwembamba sana unachafua maji tu, vipande vya ukubwa wa punje ya mtama ni bora.

Mama wa Nyegezi:
Nyongeza kuhusu ziwa, kaka. Hapa kwetu kuna kichocho, na konokono wanaokibeba wanapenda kingo zenye majani, pale pale watu wanapochotea. Ukileta majani au mawe yenye konokono unaweza kuweka chanzo ndani ya tenki ambalo mikono yako inaingia kila wiki. Vijidudu vinavyotoboa ngozi havimalizi siku mbili bila kupata mtu, lakini konokono aliyeambukizwa anaendelea kuvitoa. Juu ya hapo kuna chawa wa samaki, na mwani unaopandisha pH mchana. Bomba lililotibiwa linatosha, furu hawachagui sana maji. Hita nayo sahau, joto la Mwanza linawatosha.

Mawe ya kwetu yasiyo na konokono chukua bila wasiwasi, ni matale (graniti), hayabadilishi pH. Ukitilia shaka jiwe, dondoshea siki: likitoa mapovu lina chokaa. Yaweke juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo umwage mchanga sentimita 3, kama kilo 25. Ukianza na mchanga, furu wanachimba chini ya jiwe na jiwe linakuja kwenye kioo.

Pundamilia85:
Hamjagusa jambo moja. Wekundu mgongoni wote? Basi umenunua madume matupu. Majike ya *Pundamilia nyererei*, ndio hao furu wako, ni ya kijivu na mistari hafifu, na watu hawayanunui kwa sababu hayavutii. Madume yakikaa pamoja, mbabe mmoja anabaki na rangi, wengine wanafifia na kubanwa kona ya juu. Kwa lita 200 weka dume 1 na majike 4 au 5, mapango mengi kuliko samaki. Usichanganye na furu wa jamii ya karibu, hasa yule dume wa buluu, *P. pundamilia*: taa ikiwa hafifu majike hawatofautishi rangi na unapata machotara. Jike akifumba mdomo na kukataa chakula, ana mayai mdomoni. Atakaa hivyo wiki mbili hadi tatu, usimsumbue.

Igoma_Mpya:
Asanteni sana. Madume ya ziada niyaachie ziwani? Na umeme ukikatika usiku je?

Sponji_Chafu:
Ziwani hapana, hata kama walitoka huko. Wameshakaa na maji na magonjwa ya tenki. Na samaki wa Tanganyika au Nyasa ndiyo kabisa, hata mto Mirongo usiwatie, unaishia ziwani. Mpe mwenye tenki jingine.

Umeme: pampu ndogo ya betri, iunganishe kwenye sponji moja. Usilishe mpaka umeme urudi.