Naomba ushauri: anaamini redio inamsema yeye

Wakuu, kuna kijana hapa Ujiji anaamini watangazaji wa redio wanamsema kwa mafumbo na majirani wanamchunguza. Hapati usingizi, kila mara anabadilisha laini, hagusi chakula asichopika mwenyewe. Bangi hatumii, malaria, VVU na kaswende kapimwa, hana.

Kubishana naye kunamfanya ajifungie zaidi, kumkubalia kunampa ushahidi, kwa hiyo tunaongelea hofu na usingizi tu. Sasa ndugu wanataka kumsagia haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) kwenye uji kisirisiri. Napinga kabisa! Akigundua, sumu anayoihofia imethibitika, na shingo ikikaza hatajua ni dawa.

Aliyewahi kumfikisha mgonjwa wa hivi hospitali ya Maweni, Kigoma, bila kumfunga kamba, mlimwambia nini, na nani alimsindikiza?