Majirani wa Bugarika, Mwanza: mkono wa Mama Kulwa

Mama Kulwa: Wapendwa nimerudi, mkono umevunjika wamenifunga POP, ile plasta ngumu, naandika na kushoto mnivumilie

Mama Zawadi: Poleee shoga. Ila ni pale kwenye ngazi tu?? Mi nimeteleza pale mara ngapi mvua zikinyesha nanyanyuka naenda zangu

Mama Kulwa: Pale pale, ndoo yenyewe nusu, nikajishika na mkono nikasikia kah, kama kuni kavu. Daktari ananiuliza siku zako zilikata lini, nikamwambia mwaka wa sita huu, moyoni nasema siku na mkono wapi na wapi

Pendo Nesi: Zinahusiana mama. Siku zikikata homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo ndo ilikua inalinda mifupa isiliwe haraka. Ile miaka mitano mpaka saba ya mwanzo unaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa na wala hausikii kuumwa, unakuja kujua siku umeanguka. Mkono, nyonga na uti wa mgongo ndo vinavunjikaga sana

Mzee Mashauri: Apewe supu ya kongoro kila asubuhi, mfupa kwa mfupa

Pendo Nesi: Supu tamu mzee wangu ila kalsiamu yake kiduchu, imebaki kwenye mfupa mnaomtupia mbwa 😂 bora dagaa, wale unawatafuna na mifupa yao

Mama Zawadi: Mie hua natoa vichwa, vichungu

Pendo Nesi: Acha kutoa

Mama Kulwa: Dagaa wamejaa soko la Mwaloni sie tunaona cha kuku, sato nawapa watoto mie nashushia ugali na mchuzi na mchicha

Pendo Nesi: Mchicha endelea kula, ila una kitu kinaishika kalsiamu mwili haupati yote. Ukishavuka 50 unatakiwa kama miligramu 1200 kwa siku, kikombe cha maziwa au mtindi kinakupa kama 300, piga hesabu. Na dukani usijifungie kutwa, toka upate jua. POP ikitoka huu mlima panda kwa miguu taratibu, mfupa usiobebeshwa kazi unalegea

Mama Kulwa: Yaani miaka yote nalipa boda anipandishe kumbe najimaliza mwenyewe 🤦🏾‍♀️

Mzee Mashauri: Boda wako ndo mwanangu, msituharibie biashara

Mama Kulwa: 😂😂 sasa jioni nani ananisongea ugali, Doto yuko shule

Mama Zawadi: Zawadi anashuka huko sahivi, nimempa na dagaa. Vichwa vimo

Mama Kulwa: Wabeja, asante shoga