Mama anajikojolea usiku tangu aanze dawa ya usingizi, ni dawa au umri?

Binti_Chikongola: Habarini humu. Mama yangu ana miaka 68, tupo Mtwara mjini. Mzee alipofariki usingizi ukamkatika kabisa, akaandikiwa diazepamu, mwezi wa pili huu anameza kila usiku. Kulala analala ila kitanda kinalowa na hashtuki hadi asubuhi. Nimejua juzi tu, nimemkuta saa kumi na moja alfajiri anafua shuka uani taa kazima, eti chai imemwagikia. Chai gani jamani. Na zamani alikuwa anaamka mwenyewe anaenda chooni

nesi_lindi: Pole dada angu. Inawezekana kabisa. Diazepamu inalegeza misuli na usingizi unakuwa mzito, kibofu kinaita yeye hasikii, halafu haitoki mwilini upesi, nusu yake tu kutoka ni saa 20 mpaka 50 na kwa wazee inazidi hapo, kwahiyo ya leo inaikuta ya jana bado ipo. Kuna utafiti wa Italia wa 2002 kwa wazee dhaifu wanaoishi majumbani, waliokuwa kwenye dawa za kundi hilo tatizo la mkojo lilionekana zaidi. Hapo sio kwamba imethibitika dawa ndo chanzo, maana asiyelala na mwenye mkojo wa usiku mara nyingi ni mtu huyohuyo. ILA USIMKATISHE GHAFLA anaweza kupata degedege, daktari ndo ampunguzie taratibu. Apime mkojo na sukari pia

Mzee wa Mikindani: Mie mwanangu nilikuwa najinunulia vidonge vya mafua nipate usingizi, kumbe na tezi dume ninayo. Mkojo ukagoma, nasimama chooni hadi magoti yanauma, nikirudi kulala ndo unachuruzika wenyewe. Nimeacha

nesi_lindi: Shikamoo mzee, hivyo vinabana kweli. Dada, mama ana presha? Anameza nini na saa ngapi

Binti_Chikongola: Nimemwaga kimfuko chake kitandani sasa hivi. Kuna furosemaidi, si ndo ile ya kukojosha? Anasema anameza vyote pamoja saa tatu usiku asisahau, na chai ya rangi kikombe kizima

nesi_lindi: Yesu wangu. Hiyo huwa ya asubuhi! Mpeleke na kimfuko chote wakione

Binti_Chikongola: Jumatatu naenda nae. Nimemwambia shuka nitafua mimi, kanuna.