Acheni kuuza safari za Jinja kwa picha za mawimbi yaliyozamishwa na mabwawa!

Wanajamvi, nina hasira na sitazificha.

Kuna kampuni ya safari inayochukua watu Nairobi na kuwapeleka Jinja, Uganda, "kupanda mawimbi makubwa ya Nile kwa kayaki". Bango lao linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na katikati yake kuna mtu amekaa ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, juu ya wimbi pana la kijani, povu jeupe limejaa nyuma yake, kasia liko hewani. Aliyewahi kupiga kasia kwenye mto ule hahitaji kuambiwa pale ni wapi. Ni kwenye wimbi liitwalo Nile Special. Na Nile Special haipo tena! Ilizama pale bwawa la Isimba lilipojazwa maji.

Wadogo zangu, watoto wa mama mdogo, walichanga na wenzao wa chuo, wakatuma pesa kwa M-Pesa, wakapanda basi la usiku kupitia Busia. Asubuhi wakavishwa maboya na helmeti, wakaingizwa kwenye kayaki na kuzungushwa kwenye maji yaliyotulia mpaka saa ya chakula. Walipouliza mawimbi yako wapi, wakajibiwa kwamba leo maji yako chini. Uongo mtupu! Kilichoua wimbi lile ni maji kuwa juu.

Niwaeleze, maana ujinga wetu ndio mtaji wao. Wimbi la bahari linasafiri. La mtoni halitoki mahali pake, maji ndiyo yanayopita. Mto ukishuka kwa kasi juu ya mwamba halafu ukakutana na maji ya chini yanayokwenda polepole, unanyanyuka na kusimama, na mtu anaweza kuteleza hapo dakika nzima huku mto wote unapita chini yake. Sasa jenga bwawa upande wa chini. Maji yanarudi nyuma, yanapanda, mteremko unapotea. Mwamba upo palepale, lakini wimbi limekwisha. Hakuna msimu utakaolirudisha.

Nilipiga simu kwao. Kijana aliyepokea akaniambia, "Dada, picha ni picha tu, mto ni uleule." Mto ni uleule? Kaka, mimi nafanya kazi ya kuongoza boti za mpira Sagana, kwenye Tana, na kayaki ya mawimbi makubwa nilifundishwa hapo Jinja. Nile Special nilipanda. Ulikuwa unakaa kando, kwenye maji yanayozunguka kurudi juu, unashika kamba, unajivuta kuelekea wimbi, halafu unaiachia. Pua ya kayaki inainama, na unashuka kwa kasi hali ukingo wa mto uko palepale machoni pako. Ukikosea, unapinduliwa na kuvutwa chini, na lazima ujue kujigeuza kwa kasia kabla ya kuibuka. Halafu picha ya mahali kama hapo unamuuzia kijana ambaye hajawahi kukaa kwenye kayaki! Hata wimbi lingekuwepo, kumpeleka pale siku yake ya kwanza ni kuchezea roho yake.

Na lilikuwa wimbi la aina gani! Maji ya uvuguvugu, kina kirefu, mtiririko wa mwaka mzima kwa sababu Ziwa Victoria ndilo tangi lake. Kiasi cha maji kilipanda na kushuka kadiri mabwawa ya juu, Nalubaale la 1954 na Kiira lililo kando yake, yalivyofunguliwa kufuata mahitaji ya umeme. Watu walitoka Ulaya na Marekani wakati mito yao imeganda ili waje kufanya mazoezi hapo na kwenye wimbi jingine la mto huohuo, Club Wave. Vijana wa vijiji vya jirani walianza kwa kubeba mizigo ya wageni, wakaishia kuwapita kwenye maji.

Haya, sasa nifike kwenye kinachoniuma kuliko pesa za wadogo zangu. Mto huu umemezwa kipande kwa kipande, na kila kipande kilimezwa kwa ahadi.

Maporomoko ya Bujagali ndiyo yalitangulia. Mnaokumbuka, kulikuwa na vijana wanajirusha kwenye maporomoko yale wamekumbatia mtungi wa plastiki, watalii wanawalipa. Kwa Wasoga palikuwa makao ya roho ya Bujagali, na mganga wa pale alilipinga bwawa hadharani miaka na miaka. Bwawa likajengwa hata hivyo, megawati 250, likazinduliwa 2012. Ili Benki ya Dunia itoe dhamana yake, serikali ya Uganda ilikuwa imetia saini makubaliano mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini zaidi, yatahifadhiwa na hayatajengewa mitambo ya umeme. Kalagala na Itanda ni mapacha: mto unagawanywa na visiwa, Kalagala upande wa Buganda, Itanda upande wa Busoga. Yaani tuliambiwa, mkipoteza haya, yale yatabaki.

Halafu ikaja Isimba, megawati 183, ikazinduliwa Machi 2019. Mwili wa bwawa uko chini zaidi, wilaya ya Kayunga, kwa hiyo Itanda na Kalagala zenyewe zilinusurika. Lakini maji yake yalirudi nyuma yakaingia ndani ya eneo lilelile lililoahidiwa kulindwa, yakafunika Nile Special, Club Wave na visiwa vyenye miti. Michoro ya bwawa fupi zaidi ilikuwepo mezani. Watu wa mtoni waliomba, waliandika, walipiga kelele. Likachaguliwa refu.

Najua atakayekuja hapa kuniambia umeme kwanza, mawimbi ni starehe ya wazungu. Njoo, nitakujibu mapema. Agosti 2022 jengo la mitambo ya Isimba liliingia maji na kituo kizima kikazimwa. Na Uganda imekuwa ikilipia umeme ambao watu hawautumii, kwa sababu mikataba inataka ulipwe hata usipochukuliwa. Sijasema watu wakae gizani, mama yangu mwenyewe alipika kwa mwanga wa kibatari. Ninachosema ni kwamba waliokuwa na kazi kwenye mawimbi yale, waongozaji, wapiga picha, wapishi wa kambi, wenye bodaboda, wauza chapati wa ukingoni, nao walikuwa Waganda na Wasoga wenye watoto. Starehe ya mgeni ndiyo ilikuwa ada ya shule ya mtoto wa mwenyeji.

Ndiyo maana bango lile linanitoa machozi ya hasira. Likiendelea kuonyesha Nile Special kana kwamba ipo, nani atajua kuna kitu kilipotea? Itanda ikitajwa kesho kwenye orodha ya sehemu za kujengwa, nani atasimama, ikiwa kila mtu anaamini mto uko mzima kama kwenye picha? Mfanyabiashara anayepata mkate wake kwenye mto huo ndiye anayeuficha msiba wake. Hilo siwezi kulisamehe.

Na wala hawana sababu ya kudanganya! Kuanzia chini ya bwawa la Bujagali hadi Itanda mto bado unanguruma. Boti za mpira zinashuka na waokoaji wa kayaki pembeni, tayari kumdaka anayetupwa nje. Pale Itanda, boti hutolewa majini, watu wakatembea nchi kavu kupita sehemu ya juu, kisha wakarudi mtoni chini yake, kwa sababu sehemu ile haina mchezo. Simama tu kwenye mawe yake usikilize, kifua kinatetemeka. Pigeni picha hapo. Uzeni hiyo, tena kwa bei mnayotaka, mimi mwenyewe nitawaletea wateja.

Kwa hiyo ninataka mambo haya. Picha za Bujagali, Nile Special na Club Wave ziondolewe kwenye kila tangazo la safari, au ziandikwe wazi kwamba maji yamezifunika na ni bwawa gani. Tangazo liseme mteja anaingilia wapi na kutokea wapi, na kama ni maji ya kasi au maji yaliyotulia. Kayaki asipewe mgeni kwenye maji ya kasi kabla hajafundishwa kujigeuza na kuogelea chali, miguu mbele, vidole juu ya maji. Na vijana wale warudishiwe pesa zao, zote, pamoja na nauli.

Kampuni inajijua. Nimewapa mpaka Ijumaa. Bango ninalo, risiti za M-Pesa ninazo, na video ya yale maji yaliyotulia ninayo. Wengine mliolipa kwa bango hilohilo, wekeni hapa tarehe mliyosafiri na mahali mlipoingizwa majini, tupeleke malalamiko kwa pamoja.