Naomba ushauri: Cyp1a1 imepanda kwa panya wote, lakini ukoo mmoja tu ndio unaokufa kwa dioksini. Niandike nini?

Nuru_Uzamili

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa waliosomea elimu ya sumu, jeni au takwimu. Tasnifu yangu ya uzamili imekwama kwenye sura ya matokeo, na sitaki kuandika kitu kitakachonisuta mbele ya jopo.

Nafanya kazi na data tu, panya sina. TCDD, ile dioksini kali kuliko zote, si kitu cha kumkabidhi mwanafunzi kwenye maabara ya kawaida. Kwa hiyo nilipakua data za kazi za jeni kwenye maini ya panya, ambazo watafiti wengine wameziweka wazi kwenye GEO, hazina ya data za jeni mtandaoni. Ni koo mbili za panya wakubwa: Long-Evans wa Turku na Han/Wistar wa Kuopio, wote wa Finland. Mnaoifahamu habari hii mnajua kwa nini nimewachagua hao. Long-Evans hufa kwa dozi ya mikrogramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito. Han/Wistar hupewa hata mikrogramu 9,600 na wengi wao wakaendelea kuishi. Spishi moja, sumu moja.

Nikifungua jedwali langu, Cyp1a1 (jeni ya kimeng'enya kinachochakata kemikali mwilini) iko karibu na sifuri kwa panya waliopewa mafuta ya mahindi matupu, yasiyo na sumu. Kwa waliopewa TCDD imeruka kuliko karibu jeni zote. Shida ni kwamba imeruka vilevile kwa koo zote mbili, wanaokufa na wasiokufa. Ukifunika majina ya koo, kwa Cyp1a1 peke yake huwezi kujua yupi ni yupi.

Msimamizi wangu anataka niandike kwamba dioksini inaua kwa kuiwasha Cyp1a1. Ninamheshimu na amenisaidia sana, ila namba zinakataa. Nimwendee vipi? Na nitafute jeni zipi? Nimechora miduara miwili inayopishana, jeni zilizobadilika kwa huyu na zilizobadilika kwa yule, nikapata orodha ndefu ya jeni za Long-Evans peke yao. Sijui kama ni ya kuaminika.

La mwisho: ninaweza kuyahusisha matokeo haya na watu wanaoishi karibu na madampo yanayochomwa moto? Hao ndio walionifanya nichague mada hii.

Kinyonga_wa_Kilosa

Nimeweka kambi hapa, wajuzi waje. Dada umeuliza swali zuri sana.

Bi_Sumu

Mwanangu, hongera kwa kusimama na namba zako. Nimefundisha elimu ya sumu muda mrefu, na hapo ulipokwama ndipo wengi hupita bila kutazama.

Tuanze na jinsi mlango unavyofunguka. Dioksini yenyewe haichomi seli. Ikiingia ndani inashikwa na protini iitwayo AhR, kipokezi ambacho mtafiti Alan Poland na wenzake walikibaini kwenye ini la panya wadogo (mice, si hawa wakubwa wako) mwaka 1976. Kabla ya hapo AhR imetulia kwenye ute wa seli, imeshikiliwa na HSP90 na protini nyingine. Ikishapata dioksini inaingia kwenye kiini cha seli, inaungana na protini mwenzake, ARNT, na wawili hao wanakaa juu ya DNA mahali penye herufi GCGTG. Hapo ndipo jeni za jirani zinapowashwa, na Cyp1a1 ni ya kwanza kuitikia.

Tunajua AhR ndiyo mlango kwa sababu panya wadogo waliotengenezwa bila AhR, katikati ya miaka ya 1990, walipewa mikrogramu 2,000 kwa kilo na hawakupata madhara makubwa yaliyowapata ndugu zao wenye AhR kwa dozi ya mara kumi chini ya hiyo. Baadaye maabara ya mtafiti Bradfield kule Wisconsin, Marekani, ilitengeneza panya ambao AhR yao haiwezi kuingia kwenye kiini, kisha wengine ambao AhR yao haiwezi kushika zile herufi za DNA. Wote walikuwa sugu. Yaani sumu inapita kwenye kubadilisha jeni. Hilo msimamizi wako yuko sahihi.

Sasa njoo kwa Han/Wistar wako. Mtafiti wa Finland Raimo Pohjanvirta na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba jeni ya AhR ya panya hao ina mabadiliko ya herufi moja, na matokeo yake protini inakatwa vibaya upande wa mkiani. Mkia huo ndio wenye kazi ya kuamsha unakili wa jeni. Sehemu ya kushika dioksini ni nzima, na ya kushika DNA ni nzima pia. Kwa hiyo Cyp1a1 inawaka kama kawaida, na hata tezi ya thaimasi inasinyaa kama ya Long-Evans. Ila kukonda hadi kufa, na ule umanjano wa mwili unaotokana na ini kuharibika, havitokei kwa kiwango kile. Wafini wenyewe wameyagawa madhara mafungu mawili kwa sababu hiyo: yale ambayo koo zote mbili huyapata, na yale ambayo Han/Wistar wanayakwepa. Cyp1a1 iko fungu la kwanza, kifo kiko la pili.

Lakini usikimbilie kuandika kwamba Cyp1a1 haihusiki kabisa. Mwaka 2004 timu ya mtafiti Daniel Nebert ilionyesha kwamba panya wadogo madume wasio na Cyp1a1 walihimili dozi kubwa ya TCDD: hawakukonda na kufa kama wenzao. Kwa hiyo huenda jeni hii ni ya lazima kwa baadhi ya madhara, ila data zako zinaonyesha kwamba peke yake haitoshi. Mpelekee msimamizi sentensi hiyo pamoja na jedwali lako. Ni hoja inayoipa nafasi kauli yake bila kuzikana namba.

Kaka_Takwimu

Mama ameshamaliza baiolojia, mimi niseme kuhusu ile miduara.

Dada Nuru, itupe. Tuseme kizingiti chako ni p ya 0.05 (p hupima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu), na jeni fulani imekipita kwa Long-Evans kwa p ya 0.04 na imekosa kwa Han/Wistar kwa p ya 0.06. Miduara yako itasema ni jeni ya Long-Evans peke yake, ilhali mabadiliko yenyewe yanaweza kuwa karibu sawa. Ulichopima ni kwamba huyu kapita na yule hakupita. Hukupima kama wanatofautiana.

Swali lako hasa ni hili: je, athari ya dozi inategemea ukoo? Hilo linaulizwa moja kwa moja kwenye modeli. Ukitumia programu za takwimu za limma au DESeq2, andika ukoo + dozi + ukoo:dozi, kisha tazama ile sehemu ya mwisho, halafu sahihisha kwa Benjamini-Hochberg, njia ya kupunguza matokeo ya bahati, maana unapima maelfu ya jeni kwa mpigo. Orodha itakuwa fupi kuliko ya sasa, na itakuwa inatetewa.

Na tahadhari na neno "mara". Jeni inayoanzia karibu na sifuri inaweza kupanda mara mia kadhaa kwa sababu tu kigawanyo ni kidogo. Jeni nyingine ikashuka nusu tu, lakini ikawa ndiyo inayobeba kazi ya ini. Ukipanga jedwali kwa ukubwa wa "mara", Cyp1a1 itakaa juu daima, na macho ya kila msomaji yataishia hapo.

Mganga_wa_Mifugo

Nyongeza kutoka kwa mtu anayeshika wanyama kila siku. Dada, data zako zimechukuliwa saa ngapi baada ya dozi?

Nauliza kwa sababu Long-Evans akipewa dozi ya kuua hupunguza kula mapema kabisa, ingawa kifo chenyewe huja baada ya wiki kadhaa. Ukitoa ini siku ya kumi unalinganisha mnyama mwenye njaa kali na mnyama aliyeshiba. Mamia ya jeni za ini hubadilika kwa njaa tu, bila dioksini yoyote.

Mfano ni Pck1, jeni ya kutengeneza glukosi. Mnyama akikaa na njaa, ini huipandisha. Kwa panya waliopewa TCDD kazi ya kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo hushuka, ilhali mnyama hajala. Jambo hilo linaonekana wazi pale tu watafiti walipoweka kundi la tatu: panya wasiopewa sumu, lakini wanaopimiwa chakula kilekile kidogo walichokula wenzao. Kama data zako hazina kundi hilo, tumia vipimo vya saa za mwanzo na uandike wazi kwa nini.

Na kama siku moja utapata panya wako hapa nyumbani, chunguza chakula kwanza. Kemikali ziitwazo indole zilizomo kwenye kabichi na jamii yake huamsha AhR pia. Mahindi yetu nayo yana shida ya aflatoksini, sumu ya ukungu, ambayo huamilishwa na CYP1A2, jeni inayowashwa na AhR hiyohiyo. Hapo utakuwa na sumu mbili zinazoshikana ndani ya ini moja na hutajua nani kafanya nini.

Jirani_wa_Dampo

Samahani kwa kuingilia, mimi si msomi wa mambo haya. Naishi karibu na dampo, moshi tunao karibu kila jioni, na mke wangu ananyonyesha. Tunafuga kuku wa kienyeji. Hayo ya panya yanatuhusu sisi kwa kiasi gani?

Bi_Sumu

Baba, hukuingilia kitu. Pole kwa moshi.

Kwanza mama aendelee kunyonyesha. Ni kweli dioksini hupita kwenye mafuta ya maziwa, lakini Shirika la Afya Duniani limelizingatia hilo na bado linashauri kunyonyesha, kwa sababu faida kwa mtoto ni kubwa mno.

Jambo la kushughulikia ni kuku. Dioksini inapozaliwa kwenye moto wa taka, hasa plastiki za PVC, hutua na majivu kwenye udongo. Kuku huchakura, anameza udongo, na sumu inakaa kwenye mafuta ya kiini cha yai. Mayai ya kuku wa kienyeji wa jirani na dampo la Dandora, Nairobi, yalipimwa na matokeo kutolewa mwaka 2005. Yalipita kikomo cha Umoja wa Ulaya mara kadhaa. Wazungushie kuku wako banda mbali na majivu, uwape chakula kutoka kwingine, na mayai ya wanaochakura kwenye majivu usiwape watoto. Nyumbani msichome plastiki kabisa.

Nuru, nawe soma hapa. Usichukue namba ya panya ukampachika mtu. Simbilisi hufa kwa takriban mikrogramu 1 kwa kilo, hamsta huhitaji zaidi ya 1,000, na hao wote ni wanyama wagugunaji. AhR ya binadamu hushika dioksini kwa ulegevu kuliko ya panya wadogo wa ukoo wa C57BL/6. Ina asidi amino ileile, valini, inayowafanya panya wadogo wa ukoo wa DBA/2 wawe wagumu kuliko C57BL/6. Ukisikia hivyo unaweza kufarijika. Usifarijike. Panya mkubwa huondoa nusu ya TCDD mwilini kwa takriban wiki 3, binadamu huchukua zaidi ya miaka 7. Kidogo cha kila siku kinajikusanya. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha kiasi kilichomo mwilini, si dozi ya siku. Na Marekani ilipoweka kiwango chake mwaka 2012, pikogramu 0.7 kwa kilo kwa siku (pikogramu ni sehemu ya milioni ya mikrogramu), iliegemea watu wa Seveso, Italia, waliopatwa na wingu la kiwanda mwaka 1976. Kwa madampo, andika kwamba panya wanakuonyesha njia ambayo sumu hupita. Kiasi gani kinamdhuru mtu kitafute kwenye tafiti za watu.

Jirani_wa_Dampo

Nashukuru sana mama. Kesho naanza na banda.

Nuru_Uzamili

Shikamoo mama Bi_Sumu. Nimesoma yote mara mbili, na nyote nawashukuru kutoka moyoni. Nimeshaendesha modeli ya Kaka_Takwimu kwa vipimo vya saa za mwanzo tu. Orodha imefupika sana, na Cyp1a1 haimo.

Mawili bado yananisumbua. Tiparp imepanda kwa nguvu kwa koo zote mbili. Ni jeni ambayo jina lake refu la Kiingereza huanza na "TCDD-inducible", yaani huamshwa na TCDD. Hiyo haiwezi kuwa ndiyo muuaji? Na je, nikitafuta GCGTG jirani na jeni zilizobaki kwenye orodha, inatosha kusema AhR ndiyo iliyoziwasha?

Bi_Sumu

Marahaba mwanangu. Tiparp hupanda kwa sababu AhR imeiwasha, halafu yenyewe inarudi kuizuia AhR. Panya wadogo wasio na Tiparp waliumia zaidi kwa TCDD, ini lao likajaa mafuta na wakafa kwa dozi ambayo wenzao waliistahimili. Kwa hiyo hapo unatazama breki. Ahrr nayo ni ya kundi hilo la kuzuia. Ziweke zote mbili kwenye jedwali moja na Cyp1a1, kama ushahidi kwamba kipokezi kimeamka kwa koo zote mbili. Jeni za orodha yako fupi ziende jedwali la pili.

Kaka_Takwimu

GCGTG haitoshi. Herufi 5 kwa bahati tu zingejitokeza takriban mara moja kila herufi 1,024 kwenye uzi mmoja wa DNA, kwa hiyo utazikuta karibu na jeni nyingi ambazo AhR haijawahi kuzigusa. Kuna data za wazi ambazo watafiti walinasa AhR ikiwa imeshika DNA ya ini la panya wenyewe. Pakua hizo, upishanishe na orodha yako fupi. Zitakazobaki ziite "zinazoelekea kuwashwa moja kwa moja", na zisizobaki ziripoti bila kuzipa sababu. Hakikisha tu data hizo ni za spishi uliyonayo. Orodha za panya wakubwa na panya wadogo hupishana kwa sehemu ndogo kuliko unavyodhani, hata kwenye ini na sumu ileile.